Desibeli Kumi na Moja za Bibi Ng'wasi

Mgongoni mwa fulana yangu ya kazi kumeandikwa KIKOSI CHA UPOTEVU. Aliyebuni maneno hayo hakuwahi kupanda ngazi za Jiwe la Kuku akiwa ameyabeba.

Ofisini yana maana safi kabisa. Wimbi likitoka kwenye antena hupotea kidogo kidogo njiani. Ukuta unalimega, bati linalirudisha lilikotoka, mpapai uliolowa mvua unalimeza, nasi kazi yetu ni kujua limepotea wapi na kwa kiasi gani. Mtaani lakini upotevu ni upotevu.

"Wapotevu wamefika," alitangaza mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa juu ya jiwe. "Wewe binti, umepotea tangu lini?"

"Kitambo, mama. Nimeolewa mara mbili."

Alicheka mpaka dagaa wakamwagika, tukawaokota pamoja.

Jiwe la Kuku ni mtaa wa mlimani hapa Mwanza. Nyumba zimebanana katikati ya mawe makubwa kama watu waliowahi nafasi za mbele ngomani. Jiwe lenyewe liko kileleni, limekaa kama kuku anayeatamia, na nyuma ya mkia wake, upande usioonekana kutoka mjini, kuna zahanati. Hiyo zahanati ndiyo iliyonipandisha mlima.

Sikioni nilikuwa na Ramli. Ni mashine, ila imepewa sauti ya kiume yenye adabu, kama kijana aliyekuja kuposa. Ramli anaujua mji wote, kila tofali, kila bati, kila mti na unene wa majani yake. Kampuni yetu, Wimbi Letu, imekuwa ikimlisha habari hizo tangu mawimbi mafupi yalipoanza kutumika. Mawimbi haya hubeba mengi kwa haraka lakini yanadeka, hata pazia zito yanalilalamikia. Kwa hiyo kabla hujafika mahali, Ramli ameshatabiri utapata nini.

"Ukisimama penye ngazi iliyovunjika," aliniambia, "kipimo kitasoma toa themanini na mbili."

Nikasimama, nikainua ufito wenye kipimo, ambacho namba yake ya toa hukua kadiri mawimbi yanavyopungua. Toa themanini na mbili.

"Penye mlango wa bluu, toa themanini na tano."

Toa themanini na tano. Mtu asiyekosea anachosha. Niliwahi kuishi na mmoja aliyedhani hakosei, sasa fikiria huyu ambaye kweli hakosei.

"Nyumba inayofuata, yenye ukuta wa mawe, toa tisini."

Kipimo kikasoma toa mia moja na moja.

Nikakigonga. Nikakizima, nikakiwasha. Kikarudia vilevile.

"Umekosea, mchumba," nilimwambia.

Alirudia hesabu yake. Tangu nianze kufanya naye kazi sikuwahi kumsikia akirudia.

"Zimepotea desibeli kumi na moja zisizo na maelezo," alisema mwishowe. "Chanzo?"

Kwa ambaye hajawahi kukutana na desibeli: ukipoteza tatu, umebakiwa na nusu ya ulichokuwa nacho. Ukipoteza kumi, umebakiwa na fungu moja katika kumi. Kumi na moja ni kutoka bombani na ndoo ukafika nyumbani na kikombe. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kinachokula mawimbi kwa pupa, na Ramli hakijui.

Mimi naitwa Sikudhani, jina lisilonifaa hata kidogo, maana kutwa nzima nadhani.

Nilidhani ni lori limeegeshwa nyuma. Hakuna lori linaloweza kupanda ngazi. Nilidhani ni dagaa wabichi, kwa kuwa chumvi na unyevu huyachosha sana mawimbi, lakini dagaa walikuwa juu ya mawe, si ndani. Nilidhani ni wavu wa kuku uliofunikwa kwa plasta, ujanja wa mafundi wa siku hizi. Ila wavu haubadiliki, na hiki kilikuwa kinabadilika. Asubuhi desibeli kumi na moja. Mchana nane. Jioni tano. Kesho yake asubuhi kumi na moja tena, kana kwamba kuna mtu anakuja kujaza.

"Chanzo?" aliuliza Ramli kila mara, bila kuchoka.

"Tulia. Hata posa haijibiwi siku hiyohiyo."

Lakini haraka ilikuwepo. Mwisho wa wiki mafundi walikuwa wanapandisha antena mpya, na mahali itakapokaa hupangwa na Ramli. Kule zahanati Sista Kahabi ana mashine tunayoiita Mkono. Daktari yuko mjini, vidole vyake ni vya chuma na viko huku juu. Mawimbi yakipungua, vidole vinaganda. Mwezi uliopita viliganda katikati ya kushona mzazi, uzi ukabaki unaning'inia hewani, Sista Kahabi akamalizia kwa mikono yake mwenyewe huku akiimba ili mama yule asijue kuna kilichoharibika. Nyumba yenye ukuta wa mawe iko kwenye njia ya mawimbi ya kwenda zahanati. Ramli akiikosea nyumba hiyo, antena itakaa pasipofaa, na uzi utaning'inia tena.

Siku ya tatu niliwahi, nikakaa penye ngazi iliyovunjika kutazama tu. Ndipo nikaona. Wanawake wa mtaa, kila mmoja akitoka bombani, alipita kwanza kwenye nyumba ile. Aliingia na ndoo iliyojaa, akatoka nayo tupu, ndipo akarudi bombani kuteka ya kwake. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyesimamia.

Maji. Nilijipiga kofi pajani. Hakuna kinachokula mawimbi kama maji.

*

"Hodi Wasukuma, wala michembe ya viazi."

"Karibu," alijibu mtu kutoka ndani. "Nani huyo mwenye sauti ya kigoma?"

"Mzaramo."

"Ndiyo maana. Mliuza minazi mkanunua ngoma, sasa mnatangatanga na fito kama kinyonga."

"Na nyinyi mngekuwa na ngoma msingeswaga ng'ombe mpaka mlango wa benki."

Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani huingia bila miadi, huchukua asichopewa, husema kisichosemwa, na hakuna wa kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha, na yeye ndiye anayeshika jembe. Kwa haki hiyo niliingia moja kwa moja, nikamkuta bibi mnene mwenye macho maangavu anamenya viazi vitamu, nikachukua kigoda chake alipoinuka kunisalimia, nikakikalia.

"Wangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Wangaluka. Kigoda hicho utakilipa jogoo."

"Nitakulipa ngoma. Unaitwa nani, bibi?"

"Bibi Ng'wasi."

"Na Ng'wasi mwenyewe yuko wapi nimsalimie?"

Kisu kilisimama kwenye kiazi. "Hajafika."

Nikafikiri labda mjukuu yuko shuleni, sikuuliza zaidi. Macho yangu yalikuwa kwingine. Upande wa ndani kabisa wa sebule, mahali ambapo pangetarajiwa mlango wa chumba, yalipangwa madumu ya maji. Ya njano, ya bluu, yale makubwa ya mafuta, moja juu ya jingine, yakakaribia dari. Mbele yake walikaa wanawake wawili wakisuka mikeka, wakanitazama kama watu wanaotazama mvua inayokaribia.

"Bibi, una maji ya kuanzisha ziwa la pili."

"Huku juu bomba linatoka kwa kudra. Kata kiu yako, nenda."

Nikasogea na kipimo. Nilitaka tu kujua kila dumu linakula kiasi gani, nimpe Ramli jibu, nirudi mjini. Lakini kipimo kikiwa karibu hivyo, kwenye nafasi nyembamba kati ya dumu na dumu, kilianza kufanya jambo la ajabu. Namba ilipanda kidogo, ikashuka kidogo. Ikapanda. Ikashuka. Taratibu, kama kitu kinachovuta na kutoa.

Bibi Ng'wasi alikuwa ameshafika kati yangu na madumu. Sikumsikia akitembea.

"Mtani," alisema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Utani unaishia hapa."

Nyuma ya maji, mtu mmoja akapatwa na kwikwi. Moja tu. Wasukaji wakaanza kuimba papo hapo, wote wawili, kwa nguvu isiyohitajika kwa mkeka.

"Chanzo?" aliuliza Ramli sikioni.

"Bado," nilinong'ona, nikatoka na kigoda chake kwapani, nimesahau hata kukirudisha.

*

Pale ofisini mapokezi kuna viti vya watu wanaotafuta ndugu zao. Kampuni ina huduma inayoitwa Tafuta, na watu wanaipenda, nami sitasema hawana sababu. Mwili wa mtu ni dumu la maji linalopumua. Ukishajua kila ukuta unakula kiasi gani, toa hicho kwenye hesabu, na kinachobaki kikitikisika ni mtu. Kila mtu hutikisa kwa mwendo wake. Msimu wa mvua mtoto alitumbukia kwenye ufa wa mawe hukohuko Jiwe la Kuku, Ramli akamwona akitapatapa mahali ambapo macho ya mtu hayafiki. Alitolewa mzima. Baba yake alilala kifudifudi mlangoni petu akashukuru sakafu.

Kwenye kimoja cha viti hivyo, tangu wiki kadhaa, alikuwa anakaa mwanaume mrefu mwenye sauti laini. Huleta chapati za kuwagawia wote. Mwanamke akiingia, husimama kumpisha. Alikuwa anatafuta mkewe, na sisi wote tulikuwa tunamwonea huruma, mimi nikiwa wa kwanza.

"Dada Sikudhani," aliniita asubuhi ile. "Umetoka mlimani? Bado hamjamwona Limi wangu?"

"Bado, kaka Masunga. Mungu yupo."

"Ana mimba kubwa. Na mimba ya kwanza iliharibika, daktari alisema hii lazima izaliwe mbele ya Mkono. Nikifikiria atazalia wapi, silali. Hata mama yangu huko Jiwe la Kuku analia tu. Zamani majirani walimwita Mama Masunga. Siku hizi nikienda namsikia anaitwa Bibi sijui nani, kama vile mimi sipo."

Niliacha kutafuna chapati yake.

Ng'wasi hajafika. Hajafika kwa sababu hajazaliwa. Bibi amejivika jina la mjukuu aliye tumboni ili asiitwe kwa jina la mwanawe, na tumbo lenyewe liko nyuma ya madumu.

Injinia Mutalemwa aliniita kabla sijameza. Ni bosi wangu, Mhaya wa maneno machache, mtu mwema mwenye tai mbaya. Alikuwa amesimama mbele ya ramani ya mji. Milima yote ilikuwa imefunguka, angavu, isipokuwa doa moja jeusi la ukubwa wa nyumba.

"Tafuta imemaliza mji mzima," alisema. "Mwendo wa mke wa Masunga tunao, tuliupata kwenye nyumba yao. Hayupo popote. Pamebaki hapa pako. Ni nini kinakula mawimbi?"

"Nachunguza, Injinia."

"Kesho mafundi wanapanda. Mwambie Ramli chanzo. Akikijua atakitoa kwenye hesabu, tutapata mambo mawili kwa mpigo: antena itakaa sawa, na doa litafunguka."

"Na kama aliye kwenye doa hataki kufunguliwa?"

Alinitazama. "Sikudhani, yule mtoto wa kwenye ufa hatukumuuliza kama anataka."

Nikachukua ufito wangu, nikapanda mlima.

*

Safari hii nilipiga hodi nikangoja. Bibi Ng'wasi alinifungulia mwenyewe.

"Umerudisha kigoda?"

"Nimerudi na aibu tu. Bibi, ninamjua anayemtafuta aliye nyuma ya maji. Anatuletea chapati."

Hakushtuka. Alikaa sakafuni kwenye mkeka uliokuwa bado unasukwa, akaninyooshea mahali pa kukaa.

"Chapati anajua kupika. Nilimfundisha mimi," alisema. "Na mkono ule nilimzaa nao, ni wa baba yake, naujua uzito wake kabla Limi hajaujua. Ile mimba ya kwanza anayokusimulieni haikuharibika yenyewe. Tulimpeleka Masunga kwa mwenyekiti. Akalia, akapewa chai. Tulimpeleka kwa wazee wa ukoo. Akalia, akapewa nasaha. Analia vizuri sana mwanangu. Akilia hata mimi namhurumia, ndiyo maana nimejaza maji, ili siku nikilegea mimi, yasilegee."

"Na akija hapa?"

"Huja. Hukaa hapo ulipokaa. Wanawake nao huja na mikeka yao, sebule ikajaa, nyimbo zikaanza. Hutazama madumu, husema, mama una maji mengi. Kisha huondoka. Lakini siku akija na karatasi ya ofisini kwenu inayosema nyuma ya maji kuna mtu, nitamwimbia nini?"

Nikamweleza yangu, maana alistahili kuyajua. Nikisema ni maji, Ramli atayatoa maji kwenye hesabu, na maji yakitoka samaki anaonekana. Nikinyamaza, antena itakaa pabaya na Mkono utaganda, na mimba ya Limi ndiyo hiyohiyo iliyoambiwa izaliwe mbele ya Mkono.

Bibi Ng'wasi alifikiri. Kisha akainuka, akashika dumu la katikati, akalivuta kidogo. Pakawa na nafasi ya jicho.

"Kachungulie basi," alisema. "Kazi yako ni kujua. Ukamwone kwanza, ndipo uamue kama anafaa kufichwa."

Nisidanganye, nilitaka. Mwili mzima ulitaka. Nilikuwa nimeifuata ile kumi na moja siku hizo zote kama mbwa anavyofuata bucha, na sasa mfupa ulikuwa mbele yangu. Nilitaka kuona uso wake, mkono kama umefungwa bendeji, tumbo limefikia wapi. Miguu ilishanyanyuka. Nikasikia upande wa pili mtu akisogea haraka, akiburuta nguo, akijikusanya kwenye pembe kama mtu ambaye hajikusanyi hivyo kwa mara ya kwanza.

Nikalisukuma dumu likarudi mahali pake.

"Anafaa," nilisema. "Sihitaji kumwona."

Nilitoka nje, nikakaa penye ngazi iliyovunjika, nikamwita Ramli.

"Nipo, Sikudhani. Chanzo?"

"Stara."

"Kwenye vifaa vya ujenzi sina stara. Nina tofali, jiwe, bati, mbao, maji, majani. Stara ni tofali la aina gani?"

"Ni kile kinachomfanya mtu apige hodi kabla ya kuingia."

"Sielewi. Mawimbi hayapigi hodi."

"Ndiyo shida yenu."

Akaniambia ameliongeza neno hilo kwenye orodha yake ya vifaa.

"Stara inakula kiasi gani?"

"Kumi na moja asubuhi, tano jioni. Hupanda na kushuka. Huwezi kuitoa kwenye hesabu kwa sababu haitulii. Kila panapokuwa na mtikisiko mdogo wa ndani ya nyumba, huo nao ni stara. Usiufuate."

"Nikifanya hivyo, sitaona watu wa ndani ya nyumba yenye stara."

"Najua."

"Inapatikana nyumba ipi?"

Hapo ndipo penyewe. Nikisema nyumba moja, nimechora mshale juu ya paa. Nikatazama mlima. Mama wa dagaa alikuwa anageuza dagaa wake. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, watoto wanaingia na kutoka. Nikamkumbuka na yule wa kwenye ufa, na baba yake sakafuni petu.

"Nyumba zote za Jiwe la Kuku," nilisema. "Majumba tu. Mawe na nyufa ziache wazi. Penye ukuta na mlango, funga."

"Nimepokea," alisema Ramli, kwa adabu ileile ya mposaji. "Nyumba zote zikipoteza kumi na moja, antena ya mjini haitafika zahanati. Nashauri antena ikae mlimani, mgongoni mwa Kuku."

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimedhani stara itanigharimu Mkono, kumbe narudishiwa na chenji.

*

Chenji haikutosha.

"Stara," alisoma Injinia Mutalemwa, akivuta tai yake. Ramani ilikuwa mbele yake, na Jiwe la Kuku lote lilikuwa jeusi kama chungu, isipokuwa mistari ya nyufa. "Antena imeshapanda, nimerudia vipimo vyako vyote. Zahanati inapata mawimbi sawasawa na alivyotabiri Ramli. Siwezi kusema umekosea. Lakini umeufumba mlima mzima macho."

"Nimefumba majumba."

"Na mtoto akifungiwa ndani ya nyumba? Mzee akianguka chumbani peke yake? Wale nao wako majumbani."

"Majirani watapiga hodi, Injinia."

"Wasipopiga?"

Jibu nililijua, na yeye alilijua. Siku moja mtu atachelewa kupatikana kwa sababu yangu. Si utani huo.

Akanyoosha mkono akagusa maandishi yaliyo mgongoni mwa fulana yangu, niliyokuwa nimeitundika kwenye kiti.

"Sifuti," alisema. "Ila kuanzia leo, mtu akipotea kule juu, simu haiji kwa Ramli. Inakuja kwako. Usiku, mvua, sikukuu. Utapanda kwa miguu, utagonga mlango kwa mlango."

"Kikosi cha upotevu."

"Sasa ndiyo maana yake."

Mapokezi, Masunga alisimama kunipisha kama kawaida yake. "Dada, wanasema mlima umeziba. Wewe ulikuwa kwa mama. Uliona nini?"

"Maji, kaka. Madumu mengi ya maji."

"Na nyuma ya maji?"

"Sikuangalia."

Alitabasamu. Mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti alichonipisha, na nilisikia plastiki ikilia, polepole, kabla haijapasuka. Akautazama mkono, akaniomba radhi kwa kiti kile kwa sauti laini sana.

Siku hiyo chapati zake zilibaki mezani mpaka zikakauka.

*

Antena sasa imesimama mgongoni mwa Kuku, watoto wanasema ametaga juu badala ya chini. Nimeshaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa babu aliyelala kwa shemeji yake. Ya pili siisimulii leo, ila goti langu bado linaikumbuka.

Leo nilipanda kukagua. Sista Kahabi alinionyesha Mkono ukikunja na kukunjua vidole bila kusita, akaniambia umefanya kazi kubwa usiku wa kuamkia jana, kisha akabadilisha mazungumzo. Nami nikayabadilisha pamoja naye.

Wakati wa kushuka nilipita kwenye ukuta wa mawe. Wanawake walikuwa wanatoka na ndoo tupu. Bibi alikuwa mlangoni, amejifunga khanga mpya, anamenya viazi vile vile.

"Mzaramo. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Bado anajifunza ngoma, Bibi Ng'wasi."

"Niite tena."

"Bibi Ng'wasi."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea kumenya.

Ufito ulikuwa begani, kipimo kimewashwa, na ukuta ulikuwa karibu. Sikuuliza. Namba yenyewe ilianza kupanda na kushuka taratibu, ile ninayoijua. Na ndani ya ile taratibu kulikuwa na nyingine, ndogo, ya haraka haraka, kama pumzi za kifaranga.

"Sikudhani," alisema Ramli. "Hapa stara imeongezeka."

"Imeongezeka," nilisema, nikakizima kipimo.